Mbuzi wa Ntheo Katika Nchi ya Mafunjo

Tangu nirudi sijawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado moto. Nikishika patasi, mmoja wenu ananiuliza, "Kioko, ni kweli mbuzi alizama Kikuyu?" Nikivuka barabara kwenda Majengo, mwingine ananishika shati: "Ni kweli wakwe walikuwa wamenoa visu?" Basi nimeamua kuandika yote kwa mpigo mmoja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache nichonge twiga wangu kwa amani.

Mnamjua dada yangu, Mama Muthama, pale Umoja. Nani asiyemjua? Kiongozi wa kwaya, mwenye sakafu nyekundu inayong'aa hata nzi anateleza. Mkristo kweli kweli, lakini mwanawe Muthama alipoandika kutoka Kisumu, anakofanya kazi ya ukarani, kwamba amepata mchumba anayeitwa Akinyi, dada yangu alisema neno moja tu: ntheo.

Kwa wale ambao si Wakamba, ntheo ni mbuzi watatu. Mmoja huchinjwa kwa wazazi wa msichana, mkala pamoja, pande zote mbili. Wawili waliobaki hukaa huko. Hapo ndipo msichana anakuwa mke. Bila hao, hata askofu akifungisha ndoa mara saba, kwetu bado ni mgeni.

"Kioko," dada yangu akaniambia, "baba yake Muthama ni marehemu, wewe ndiwe mjomba. Peleka mbuzi. Wakirudishwa, au wakifa kabla hujageuza mgongo, huyo msichana atakuja hapa kama mgeni, atakunywa chai kama mgeni na ataondoka kama mgeni. Nimemaliza."

Na mkimjua dada yangu, mnajua akimaliza amemaliza. Wakati huo alikuwa anapigana vita vingine pia: kinamasi kilicho chini ya mtaa, upande wa mto. Kila mvua ikinyesha, watoto wanapanda na tope hadi kwenye sakafu yake. Alikuwa amekwisha kuwashawishi majirani nusu ya mtaa wamwage vifusi pale, mahali pawe pakavu kama kwa watu wengine. Mimi nilimuunga mkono. Kwetu Kitui tope tunalitafuta kwa tochi, lakini mjini tope la nini?

Kiamaiko hadi kwa mama yake Njoro

Mbuzi tuliwachagua sokoni Kiamaiko: beberu mwekundu mwenye ndevu, na majike wawili, mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa. Usafiri ulikuwa lori la jirani yangu Njoro, anayeleta samaki wakavu Gikomba kutoka ziwani na kurudi huko lori likiwa tupu. Njoro alimtazama yule beberu akasema, "Huyu ni diwani. Ona anavyosimama kama anayeahidi kuleta maji." Jina likamshika hapo hapo. Lori lilinuka omena, wale dagaa wa ziwani, hata mbuzi wakapiga chafya mpaka tukatoka mjini.

Hatukufika mbali. Huko Kikuyu Njoro akasema hawezi kupita mlango wa mama yake kama mwizi wa kuku. Akaingia kusalimia. Mimi nikabaki na mbuzi, wamechoka kutikiswa, wananitazama kwa lawama. Nikaangalia chini ya migomba: uwanja! Kijani, tambarare, umetandazwa kama kitambaa cha meza cha siku ya harusi. Jamani, mimi ni mtu wa Kitui. Kwetu ukiona kijani unashukuru kwanza, unauliza baadaye. Nikawafungua.

Yule mweusi alitangulia. Nikamfuata, na nchi ikapumua. Sisemi kwa mafumbo: ardhi ilipanda na kushuka chini ya miguu yangu, na nyasi zilizo mbali nami zikacheza. Nikaanza Zaburi ya ishirini na tatu, nikajikuta katikati ya Baba Yetu. Mbuzi mweusi akatumbukia hadi tumboni, akalia kama anayeitwa na mababu. Diwani na mwenzake walirudi mbio barabarani. Diwani ndiye alikuwa mbele.

"Lala chini!" sauti ikanipigia kelele. "Lala kwa tumbo, wewe!"

Ni mama yake Njoro, mgongo umepinda lakini anakuja na ngazi ya mbao begani, Njoro nyuma yake. Wakaitandaza ngazi juu ya nyasi. Nikatambaa kama mtoto anayeota meno, nikamshika mbuzi pembe, wakanivuta miguu. Tulipotoka wote wawili tulikuwa rangi moja.

Yule mama alicheka hadi akakaa chini. "Mgeni wangu, umelisha mbuzi juu ya maji! Hapo chini hakuna nchi. Ni majani yamesukana, yanaelea."

"Sasa mnakiwekea nini kitu kama hicho?" nikauliza, kwa hasira kidogo, maana nilikuwa nimevaa suruali ya ukweni.

"Tunakiweka? Ndicho kinatuweka sisi. Mvua ikinyesha kinakunywa, jua likiwaka kinatoa polepole. Ule mto unaopita kwenu Gikomba, ulidhani unatoka kwenye mfereji? Maji yake mengine yanaanzia hapa." Akapapasa tumbo la mbuzi mweusi, akaacha kucheka. "Na huyu ana mtoto ndani. Mpeleke taratibu."

Nilikula mukimo wake, viazi vilivyopondwa na mahindi, nikiwa nimevaa koti la mzee wake, nikifikiria maneno ya dada yangu. Mbuzi mmoja amekaribia kufa, na hatujafika hata Limuru.

Naivasha: gurudumu na kichwa cha samaki

Karibu na ziwa gurudumu lilipasuka, na lile la akiba, tulipolishusha, nalo lilikuwa limelala. Njoro akalibeba kwenda kutafuta fundi. Nikawapeleka mbuzi kwenye kijito, safari hii nikipiga ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua. Watu walidhani mimi ni kipofu.

Kijito kilikuwa chekundu, tope la mashamba yote ya milimani. Kiliingia kwenye mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa kama nywele za mtu aliyeamka. Lakini upande wa ziwa, mafunjo yanapoishia, maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki pale, "Mama, nani anachuja?"

"Mimi mwenyewe," akasema, amekunja uso. "Kwa kitambaa safi. Chai yangu haijawahi kuwa na majani."

Tulipoelewana tulicheka sana. Akaniambia ni mafunjo yenyewe: tope linanaswa kwenye mizizi, na samaki wanataga mayai humo ndani, ndege mkubwa asiwafikie. "Ukiona mtu anachoma mafunjo," akasema, "mwambie anachoma kikaango changu."

Njoro aliporudi aliniagizia samaki mzima, na kichwa chake. Ndugu zangu, nyinyi mnanijua. Samaki kwangu alikuwa mdudu wa majini. Alinitazama, nikamtazama.

"Kula," Njoro akasema. "Huko unakokwenda, ukikataa samaki umekataa binti."

"Nianzie wapi?"

"Anzia shavuni. Na usimtazame machoni, haya itakuua."

Nikafumba macho nikaanzia shavuni. Haki ya Mungu, nilipofumbua nilikuwa nauliza kama yupo mwingine.

Chumvi ya Elmenteita

Mbuzi mweusi alikataa kula tangu Kikuyu. Nikimwekea majani anageuza uso kama bibi harusi. Baada ya Gilgil nikamwambia Njoro asimame, tulikuwa tunaliona ziwa la Elmenteita pale chini, na mchungaji mmoja alikuwa anashusha ng'ombe wake. Tukamfuata.

Ufukweni palikuwa na weupe umekauka juu ya udongo. Mbuzi mweusi akanusa, akaramba, akaramba tena, mkia ukaanza kucheza. Ilikuwa magadi! Haya haya tunayolainishia maharagwe. Akatoka hapo akaingia kwenye nyasi za kandokando, akala kama anayelipiza kisasi. Nilifurahi hata nikapiga magoti, nikachota maji kwa mikono miwili kunywa.

Mchungaji hakunizuia. Alingoja niteme kwanza.

"Hayo si yako," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ni ya wale."

Akanionyesha heroe, wale ndege wa miguu mirefu. Nilikuwa nimewachonga miaka yote kutoka kwenye picha na kuwapaka rangi nyekundu ya mlango. Kumbe nilikuwa nawatukana. Walijaa upande mzima wa ziwa, rangi ya ua la asubuhi, vichwa chini, wakichuja kijani kidogo kidogo ndani ya maji ambayo mimi hayanishuki kooni. Nilisimama hapo hadi Njoro akapiga honi. Nilidhani maji ni maji tu, mabaya au mazuri. Sasa nilishaona ya namna tatu, na kila namna ilikuwa na wenyewe.

Kano: mto umekuja kutembea

Kule tambarare za Kano, karibu na Kisumu, barabara ilikuwa chini ya maji. Magari yamepanga foleni, madereva wamevua viatu, na akina mama wameshakuja na sufuria. Mwanamke mmoja alikuwa anashika kambare katikati ya barabara kuu, kwa kikapu, mahali ambapo juzi basi lilipita.

Nilimpata mzee mmoja anahamisha viti vyake hadi kwenye kichuguu, bila haraka, anapiga mluzi. Nikampa pole.

"Pole ya nini?" akashangaa. "Mto umekuja kutembea. Ukienda zake utaacha udongo mpya, nami nitapanda. Mwaka ambao haukuja ndio mnipe pole."

Mimi sikuweza kupiga mluzi. Mbuzi walisimama ndani ya lori, wakikunja pua kila tone likiwarukia, na nilikuwa nimeanza kuelewa kitu kilichonitia baridi: tulikuwa tunaelekea mahali penye maji zaidi ya hapa. Mbuzi na maji ni paka na maji. Dada yangu alisema wakae huko na waishi. Waishi wapi? Juu ya nini?

Muthama alitujia kwa mtumbwi, suruali imekunjwa, uso umekonda kwa wasiwasi. Pamoja naye alikuja Omondi, mjomba wake Akinyi, mwenye bega kama mlango.

"Mjomba, umewaleta!" Muthama akanikumbatia, tope kwa tope. "Mama amesemaje?"

Nikamwambia alivyosema. Muthama akamshika mbuzi mweusi mwenyewe, akambeba hadi kwenye mtumbwi kama mtoto. Njoro akatuaga kutoka kwenye lori: "Diwani! Tunakutegemea!"

Mafunjoni

Hadi sasa nilidhani nimeona mafunjo. Mdomoni mwa mto Nyando, lo! Yalitupita urefu pande zote, tukawa tunapita kwenye vichochoro kama vya Majengo, ila vya maji. Kila mahali kitu kilikuwa kinalia, kinaruka, kinatumbukia. Kipande kizima cha mafunjo kilitupita kikielea, na ndege wamekaa juu yake kama abiria. Kichochoro tulichokitaka kilikuwa kimezibwa na mafunjo yaliyoletwa na upepo, Omondi akageuza kasia lake, tukazunguka. Diwani alisimama mbele kabisa, kifua nje, ndevu zinapepea. Watu waliokuwa kingoni walimpungia mkono.

Kwa akina Akinyi ni kwenye kiinuko, maji mbele, ng'ombe nyuma. Tulipokelewa kwa vigelegele. Akinyi mwenyewe nilimwona akitabasamu nyuma ya mama yake, mrefu, mtulivu. Baba yake aliwahi kufanya kazi ya reli, akaishi Makongeni, kwa hiyo alinisalimia kama jirani: "Niaje, mtu wa Eastlands!" Nikajua mambo yatakuwa mazuri.

Nikaketishwa. Nikapewa samaki. Nikaanzia shavuni, na nikaona mama yake Akinyi ameridhika. Niko katikati ya kujisifu moyoni, nikasikia mlio nyuma ya jikoni. Ninaujua ule mlio. Nikaacha sahani.

Vijana walikuwa wamewalaza mbuzi wote watatu. Visu vimenolewa, majani yametandikwa.

"Simameni! Simameni!" Nilipiga kelele hata kuku wakaruka. "Mnachinja mahari!"

Kijana mwenye kisu akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Hii ni mboga, mzee. Ng'ombe si wako nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Barabarani. Tulidhani wamezuiwa na maji."

Kumbe wale watu waungwana waliona tumekuja na kitoweo chetu wenyewe, wakasema hawa Wakamba wana adabu sana, na walikuwa wametayarisha zizi kwa ng'ombe wa mahari. Baba yake Akinyi alikuja akicheka. Nikamweleza ntheo, kila kitu, mpaka maneno ya dada yangu. Kicheko kikapungua polepole.

"Mwenzangu," akasema, "ng'ombe ni mazungumzo yetu, tutayafikia, hayana haraka. Huyu mwenye ndevu tutamla leo, mimi na wewe, kwa furaha. Lakini hawa wawili, nikiwapokea nitakuwa mwongo. Kwato zitaoza kwa unyevu, minyoo itawaingia. Watakufa, na dada yako atasema sisi ndio tulioiua ndoa. Afadhali uwarudishe wakiwa hai."

Akinyi alisikia. Muthama alisikia. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Diwani, ndiyo, alichinjwa, na nyama yake ilikuwa tamu, lakini niliitafuna kwa shida. Wakirudishwa, mgeni. Wakifa, mgeni. Roho iliniuma kwa ajili ya wale watoto, nasema wazi.

Nyumba ya juu

Asubuhi niliketi mbele ya maji nimeshika tama. Mbuzi wawili walikuwa wamepanda juu ya kitu pekee kikavu walichokiona: chanja la kukaushia samaki. Wamesimama juu, miguu mikavu, upepo unapita chini yao, wanacheua kama wenye nyumba.

Niliruka. "Muthama! Niletee shoka!"

Mimi ni mchonga miti au si mchonga miti? Kandokando ya maji palikuwa na mti mnene, nikaukata kwa nguzo. Shoka likapita kama kwenye mkate, nikaanguka na mti wenyewe kifuani, na haukuwa na uzito wa mto wa kulalia. Mama yake Akinyi alishika kiuno kwa kicheko.

"Huo ni wa kufanya nyavu zielee, baba! Ukijenga nao, nyumba yako itaondoka na upepo kwenda Uganda."

Omondi akaleta nguzo za kweli kwa mtumbwi. Tukajenga nyumba ya mbuzi juu ya miguu, sakafu ya fito zenye nafasi ili uchafu udondoke, ngazi ndogo, na paa la mafunjo. Mama yake Akinyi ndiye alinionyesha ya kukata na ya kuacha. Yale ya mbele, upande wa ziwa, alinikataza hata kuyagusa.

"Hayo yanavunja mawimbi. Na watoto wa samaki wamo humo. Tukiyamaliza, ziwa litaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi."

Ndiyo maana nilichelewa, nyinyi mkaanza kusema nimeoa huko. Tulipofunga ufito wa mwisho, baba yake Akinyi alikuwa bado hajasema ndiyo. Alizunguka ile nyumba, akasukuma nguzo, akaguna. Mbuzi mweusi alipanda ngazi, akaenda pembeni, akalala. Tukamwona anahangaika. Akinyi akapanda juu bila kuitwa, akampapasa, akamwimbia kwa Kijaluo. Akatoka mtoto mmoja, mweusi. Tukapiga makofi. Akatoka wa pili, mwekundu, ana ndevu karibu tayari, Diwani mtupu!

Baba yake Akinyi alimpokea yule mwekundu mikononi, bado ana maji, anatetemeka.

"Aliyezaliwa hapa," akasema, "siwezi kumwita mgeni. Mwambie dada yako tumepokea. Wote wanne."

Muthama alilia mbele za watu. Mimi nilikuwa na moshi machoni.

Umoja

Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani. Ya kuzama Kikuyu alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akasema, "Amlete."

Walikuja Jumamosi iliyopita. Dada yangu alikuwa ameipaka sakafu rangi upya na kutandika magazeti mlangoni ya kukanyagia. Akinyi alivua viatu, akatoa zawadi ya mkeka wa mafunjo, akaketi ukingoni mwa kiti. Chai ikaja kwenye vikombe vya wageni. Nikaviona, nikayakumbuka maneno yake: atakunywa chai kama mgeni.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akinyi akachungulia dirishani upande wa mto.

"Mama, yale matete ni ya nani?"

"Si ya mtu. Tunamwaga vifusi hivi karibuni, tupate pakavu."

Akinyi akageuka, akasahau haya zake zote. "Aa-a, Mama! Na maji ya mvua hii yote yataenda wapi? Yatapanda. Yataingia hapa," na akaonyesha kwa kidole, sakafu yenyewe, ile nyekundu.

Muthama akafumba macho. Dada yangu alitazama sakafu, akatazama dirisha, akatazama sakafu tena.

"Hebu nionyeshe," akasema.

Wakashuka. Tuliwaona kutoka dirishani, Akinyi mbele amekunja sketi, dada yangu nyuma akigomba, viatu vya kanisani mkononi, kisha hagombi tena, ameinama anashika kitu, anaonyeshwa jinsi ya kukata bila kung'oa mzizi. Walikaa huko hata chai ikapoa.

Walirudi wamekumbatia mizigo ya matete, wanacheka, tope hadi magotini. Dada yangu aliyaruka magazeti. Alipita na miguu yake hivyo hivyo juu ya sakafu nyekundu hadi jikoni, Akinyi nyuma yake, na nyayo zao zikabaki pale sebuleni, jozi mbili, zikielekea njia moja.

"Kioko," akaita kutoka jikoni, "ondoa hivyo vikombe vya wageni. Mke wa mwanangu anywe kwenye kikombe cha kawaida."